Hoja ya Wananchi na Kura ya Pingamizi: Tumezipima Katiba za Majimbo ya Marekani

Tano ukitoa moja zinabaki nne. Hesabu hiyo ya darasa la kwanza ndiyo iliyoua haki ya wananchi wa Mississippi kupendekeza mabadiliko ya katiba yao. Mwaka 1992 wapiga kura wa jimbo hilo waliridhia, katika kifungu cha 273, utaratibu wa kukusanya saini na kupeleka hoja moja kwa moja kwenye karatasi ya kura. Ili kanda moja isiwaburuze wenzake, likawekwa sharti: saini zinazotoka katika kanda moja ya uchaguzi wa Congress, yaani bunge la taifa, zisizidi moja ya tano ya saini zote zinazotakiwa. Kanda zilikuwa tano, kwa hiyo hesabu ilikaa sawa.

Baada ya sensa ya 2000 Mississippi ikapoteza kiti kimoja cha Congress. Kanda zikabaki nne, na nne mara moja ya tano ni asilimia 80. Yaani hata kila mtu mzima wa jimbo akitia saini, zitakazokubaliwa haziwezi kufika idadi inayotakiwa. Kwa miaka mingi maofisa walitumia mipaka ya zamani na mambo yakaenda. Novemba 2020 hoja namba 65, ya bangi ya matibabu, ikashinda; kati ya waliochagua baina yake na ile mbadala iliyoletwa na bunge, karibu robo tatu waliichagua yenyewe. Tarehe 14 Mei 2021 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua, majaji sita kwa watatu, kwamba kifungu kisomwe kama kilivyoandikwa. Hoja 65 ikafutwa, na utaratibu mzima ukazikwa nayo. Vikao vya bunge vya 2022, 2023 na 2024 vilipita bila kuufufua. Na hii ilikuwa mara ya pili: haki kama hiyo iliyopatikana Mississippi mwaka 1914 ilifutwa na mahakama hiyohiyo mwaka 1922.

Tumeanzia hapo makusudi. Mtu akitaka kuijua haki hii, swali lake la kwanza huwa "saini ngapi?" Si swali baya, ila ni sawa na kununua gari kwa kutazama rangi. Kinachoamua kama haki itadumu ni vifungu vidogo vilivyojificha nyuma ya ile namba: nani anaandika maneno yatakayosomwa kwenye karatasi ya kura, bunge linaruhusiwa kugusa nini baada ya ushindi, sheria zipi zimewekewa kinga, na hesabu imefungwa kwenye kitu gani. Hivyo ndivyo tulivyovipima, na nyota tunazogawa humu zinatokana na hivyo.

Kwanza tuelewane majina. Jimbo hapa ni jimbo la Marekani lenye katiba, gavana na bunge lake, si jimbo la mbunge kama Temeke. Hoja ya wananchi ni pale watu wanapoandika sheria au marekebisho ya katiba wenyewe, wakakusanya saini, wapiga kura wakaamua. Kura ya pingamizi ni kinyume chake: bunge limeshapitisha sheria, wananchi wanakusanya saini ili isianze kutumika mpaka ipigiwe kura. Zote mbili si sawa na kura ya maoni ya Zanzibar ya Julai 2010, wala kura ya maamuzi ya katiba ya Kenya ya mwezi uliofuata. Hizo ziliitishwa kutoka juu. Hapa anayeitisha ni raia mwenye kalamu na ubao wa kushikia karatasi.

Majimbo 23 yana hoja ya wananchi kwa ngazi ya jimbo, ukiihesabu Mississippi iliyo mahututi unaweza kusema 24. South Dakota ilitangulia mwaka 1898. Maryland na New Mexico zina pingamizi tu. Kuna waliodai kwamba jambo lenyewe linavunja Katiba ya Marekani, inayoyahakikishia majimbo serikali ya kijamhuri. Kampuni ya simu ya Pacific States ilipeleka dai hilo dhidi ya Oregon hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1912 ilisema hilo ni swali la kisiasa, waachiwe Congress. Tangu hapo mlango umebaki wazi.

Oregon: nyota nne na nusu

Huu ndio mfumo ulioigwa kuliko yote, na bado ndio wa kupigia mfano. Ulipatikana mwaka 1902 kwa kura 62,024 dhidi ya 5,668, baada ya kampeni ndefu ya William U'Ren, mwanasheria aliyewahi kuwa mfua chuma, ambaye wazo alilitoa Uswisi. Masharti yake yanakaa kwenye kiganja: asilimia 6 kwa sheria ya kawaida, 8 kwa marekebisho ya katiba, 4 kwa pingamizi, zote zikipimwa kwa kura zilizopigwa kumchagua gavana mara ya mwisho. Hakuna mgao wa kaunti wala kanda. Ramani ikichorwa upya, hesabu haitikisiki. Mississippi wangeiga sentensi hiyo moja tu, wangekuwa nayo mpaka leo.

Uzuri wa Oregon unaonekana zaidi kwenye maneno ya kura. Waanzilishi wanatanguliza saini 1,000. Mwanasheria Mkuu wa jimbo anaandika kichwa kisichozidi maneno 15, kisha maelezo ya "ndiyo italeta nini" maneno 25, ya "hapana italeta nini" maneno 25, na muhtasari wa maneno 125. Rasimu inawekwa hadharani, watu wanatoa maoni, na asiyeridhika anakwenda moja kwa moja Mahakama ya Juu ya jimbo. Kuzungukazunguka mahakama za chini hakupo. Mabishano yanaisha kabla saini hazijaanza kukusanywa, na hilo ni jambo kubwa: kwingine mtu anakusanya laki tano halafu ndipo anaambiwa kichwa cha hoja kina kasoro.

Kisha kuna kijitabu cha wapiga kura, kinachotumwa kila nyumba. Mtu yeyote anaweza kuweka hoja yake ya maneno 325 kwa dola 1,200, au bila kulipa akileta saini 500. Kinachekesha kukisoma, maana kuna wanaonunua ukurasa kuandika vituko, lakini mkulima wa mashariki mwa jimbo anapata ukurasa uleule anaoupata mwenye benki.

Nusu nyota tumeikata kwa sababu ya tamko la dharura. Pingamizi la Oregon linahitaji siku 90 za kukusanya saini baada ya kikao cha bunge kufungwa, na sheria yenye tamko kwamba inahitajika haraka kwa amani, afya au usalama wa umma inaanza papo hapo, haipingiki kwa saini. Bunge likizoea kulibandika tamko hilo kwenye sheria za kawaida, pingamizi linabaki jina.

California: huduma ya haraka, bei ya juu

California iliipata haki hii Oktoba 1911, chini ya Gavana Hiram Johnson, ikilengwa dhidi ya kampuni ya reli iliyokuwa imelishika bunge mkononi. Leo inatumiwa sana na kampuni zenyewe, na sababu unaiona kwenye ankara.

Ada ya kufungua ni dola 2,000, zamani ilikuwa 200. Hoja ikifuzu unarudishiwa. Kuna siku 30 za maoni ya umma, Mwanasheria Mkuu anatoa kichwa na muhtasari wa maneno 100, ndipo saa inaanza: siku 180. Sheria ni asilimia 5, katiba asilimia 8, za kura za ugavana. Hapa hesabu imefungwa kwenye idadi ya waliojitokeza, na watu wasipojitokeza bei inashuka. Uchaguzi wa 2014 ulidorora, kwa hiyo mwaka 2016 hoja ya sheria ilihitaji saini 365,880 tu. Karatasi ya Novemba mwaka huo ikawa na maswali 17 ya jimbo zima. Baada ya uchaguzi wa 2018 idadi ikaruka hadi 623,212, na baada ya 2022 ikarudi 546,651. Kwa marekebisho ya katiba ni 874,641.

Anayekusanya 546,651 kamili ameshindwa. Saini zinakaguliwa kwa sampuli: kila kaunti inachagua kwa bahati nasibu asilimia 3, au 500, kipi kikubwa. Makadirio yakionyesha chini ya asilimia 95 ya idadi, hoja imekufa. Yakiwa kati ya 95 na 110, zinahesabiwa zote moja moja na muda unakwisha. Yakizidi 110, imefuzu. Kwa hiyo lengo halisi ni saini halali 601,317, na kama robo ya ulizokusanya ni mbovu, lazima upeleke kama laki nane na elfu mbili.

Robo mbovu ni jambo la kawaida. Mtu kahama na hajabadilisha anwani kwenye daftari. Mtu si mpiga kura ila kaona aibu kukataa. Mkazi wa kaunti ya Orange katia saini karatasi ya kaunti ya Los Angeles, na karatasi moja ni ya kaunti moja. Mkusanyaji kasahau kuandika tarehe kwenye tamko lake, karatasi nzima ikaenda na maji. Ila kinachouma kuliko vyote ni mtu aliyetia saini mara mbili. Ukaguzi ukitumia sampuli ya asilimia 3, kila saini inawakilisha kama 33. Sampuli ikimnasa mtu yuleyule mara mbili, kanuni inachukulia kwamba nje ya sampuli kuna wengi kama yeye: 33.3 mara 32.3. Jozi moja inakata zaidi ya saini elfu moja. Ndiyo maana wakusanyaji wazoefu huuliza kwanza "hii umeshatia?" kabla hata ya kusalimia vizuri.

Kazi yote hiyo hufanywa na watu wa kulipwa. Kuwazuia haiwezekani: Colorado ilijaribu, na mwaka 1988 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema kukataza malipo ni kubana uhuru wa kusema. Kinachoruhusiwa ni kubadilisha namna ya kulipa. Oregon mwaka 2002 ilikataza kulipa kwa kila saini, ikabaki malipo ya saa au mshahara, na mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaliacha katazo hilo mwaka 2006. Huo ni msaada wa kweli, kwa sababu anayelipwa kwa kila saini ndiye anayeshawishika kukopi majina kutoka kitabu cha simu.

Mwaka 2020 kampuni za usafiri na za kuleta chakula kwa programu za simu zilitumia zaidi ya dola milioni 200 kupitisha hoja namba 22, kuwaweka madereva wao nje ya sheria ya ajira. Humo ndani waliandika kwamba bunge lisiirekebishe mpaka lipate saba ya nane ya kura za kila chumba kati ya viwili vya bunge. California inaruhusu hilo: hoja ikipita, bunge haliigusi bila kurudi kwa wapiga kura, isipokuwa hoja yenyewe imeruhusu. Ngao nzuri kwa mnyonge, lakini ngao haichagui mkono unaoishika.

Pingamizi nalo lina mchezo wake. Septemba 2014 gavana alitia saini sheria ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa madukani. Watengeneza mifuko wakakusanya saini ndani ya siku 90, sheria ikasimama mpaka Novemba 2016, wapiga kura wakaiunga mkono. Walishindwa kura, ila walishauza mifuko kwa zaidi ya mwaka mmoja wa ziada. Na kwa muda mrefu swali lilichanganya watu: aliyeipinga sheria alitakiwa kujibu hapana kwenye pingamizi ambalo yeye mwenyewe analishabikia. Mwaka 2023 wakabadilisha maneno yawe "iendelee" au "ifutwe". Iliwachukua zaidi ya miaka mia moja.

Tunaipa nyota tatu.

Michigan: kila herufi ina kesi yake

Kwenye karatasi, Michigan inapendeza. Asilimia 8 kwa sheria, 10 kwa katiba, 5 kwa pingamizi. Kwa hesabu za baada ya 2022 ni saini 356,958, 446,198 na 223,099. Gavana hana kura ya turufu. Sheria iliyopitishwa na watu kwenye sanduku inaguswa na bunge kwa robo tatu ya kila chumba tu. Ukiisoma harakaharaka unaridhika.

Sasa tazama matundu. La kwanza: hoja ya sheria hupita bungeni kwanza, na bunge lina siku 40 za vikao za kuipitisha lenyewe. Likiipitisha, haiendi kwenye kura, na ile kinga ya robo tatu haipo. Septemba 2018 bunge likapitisha hoja mbili, ya kima cha chini cha mshahara na ya likizo ya ugonjwa, watu wakapiga makofi. Desemba, uchaguzi ukiwa umekwisha, likazirudia kwa kura za kawaida na kuzikata makali. Hoja ilitaka dola 12 kwa saa ifikapo 2022. Zikawa dola 12.05 ifikapo 2030. Ilipofika 31 Julai 2024 ndipo Mahakama ya Juu ya Michigan, majaji wanne kwa watatu, ikasema mchezo huo unavunja katiba. Miaka sita kasoro kidogo, kwa sababu kifungu hakikusema neno moja: kwamba sheria iliyopokelewa hivyo isibadilishwe na bunge lilelile lililoipokea.

La pili ni kinga ya fedha. Pingamizi haligusi sheria zenye matumizi ya serikali. Mwaka 2011 ilipitishwa sheria namba 4 ya mameneja wa dharura, wanaoteuliwa na gavana kuchukua madaraka ya miji iliyofilisika. Wananchi wakakusanya saini, na Novemba 2012 wakaifuta. Desemba hiyohiyo bunge likaleta sheria namba 436, sura ileile kwa kiasi kikubwa, safari hii ikiwa na kiasi cha fedha ndani. Imekuwa sheria ya matumizi, haipingiki tena.

La tatu lingekuwa kichekesho kama lisingegharimu. Sheria ya Michigan inataka kichwa cha karatasi ya saini kiwe na herufi nzito za ukubwa wa 14. Pingamizi la sheria namba 4 lilipofika kwa bodi ya uhakiki, wapinzani wakaleta rula: herufi hazifiki 14. Bodi ina watu wanne, wawili wa kila chama, wakagawanyika wawili kwa wawili, saini zaidi ya laki mbili zikakwama kwa ajili ya unene wa herufi. Mahakama ya Juu ikazifungulia Agosti 2012, lakini ikisisitiza kwamba sharti la herufi lazima litimizwe kikamilifu. Mwaka 2022 ikawa zamu ya nafasi kati ya maneno. Karatasi ya hoja ya haki ya uzazi ilichapwa maneno yakiwa yamebanana, bodi ikagawanyika tena wawili kwa wawili, saini 753,759 zikiwa mezani, mpaka mahakama ilipoamuru hoja iende kwa wapiga kura. Ikashinda.

Kwa hiyo anayeandika kifungu chake aongeze sentensi kwamba kasoro ya umbo isiyompotosha aliyetia saini haibatilishi saini. Na atakayechapisha Michigan apeleke karatasi kwa bodi ipitiwe umbo kabla ya kuchapa nakala elfu arobaini, halafu apime herufi kwa rula mwenyewe, asimwamini mchapishaji. Nyota tatu, kwa sababu mahakama imeziba tundu moja.

Florida na wengine

Florida haina hoja ya sheria ya kawaida. Ukitaka kubadilisha chochote kwa saini, unabadilisha katiba. Ndiyo maana tangu 2002 katiba ya jimbo lenye watu zaidi ya milioni ishirini ina kifungu kuhusu upana wa zizi la nguruwe mwenye mimba. Anayecheka awacheke waandishi wa utaratibu, si wapiga kura: watu walipewa mlango mmoja, wakapitisha humo kila kitu.

Saini ni asilimia 8 ya kura za urais, zikienea katika nusu ya kanda za Congress, na kwa 2024 zilikuwa 891,523. Mahakama ya Juu inapitia maneno na sharti la mada moja. Halafu kizingiti: asilimia 60. Kizingiti hicho chenyewe kiliwekwa mwaka 2006 kwa kura kama asilimia 57.8, yaani kisingeweza kujipitisha. Novemba 2024 hoja ya utoaji mimba ilipata asilimia 57, kukaribia kabisa ile iliyoweka kizingiti, na ikaanguka. Mwaka 2025 bunge likapunguza muda wa kuwasilisha fomu iliyosainiwa kutoka siku 30 hadi 10. Nyota mbili.

Ohio walijaribiwa kwa jambo hilohilo na wakakataa. Agosti 8, 2023 waliulizwa kama kizingiti cha marekebisho ya katiba kipandishwe hadi asilimia 60 na saini zitoke kaunti zote 88 badala ya 44. Asilimia 57 wakasema hapana. Udhaifu wa Ohio uko kwenye maneno ya kura, yanayoandikwa na bodi ya wanasiasa. Mwaka 2024 hoja ya kuunda tume huru ya kuchora mipaka ya kanda za uchaguzi ilielezwa kwenye karatasi ya kura kana kwamba tume hiyo italazimishwa kuchora mipaka kwa upendeleo. Ikashindwa. Utah mwaka huohuo viongozi wa bunge waliandika kwamba pendekezo lao "linaimarisha" hoja ya wananchi, wakati lilikuwa linawapa uwezo wa kuifuta. Mahakama ya Juu ya Utah ikalibatilisha kabla kura hazijahesabiwa.

Illinois ni danganya toto. Katiba yake ya 1970 inaruhusu hoja ya wananchi kwa mambo ya muundo na utaratibu wa bunge peke yake, na mahakama imesoma kwamba lazima yawe yote mawili kwa pamoja. Kwa zaidi ya nusu karne imefanikiwa hoja moja, ya 1980, iliyopunguza wajumbe wa chumba cha wawakilishi kutoka 177 hadi 118. Nyota moja, ya uzee.

South Dakota, mama wa wote, inaonyesha kinachotokea pasipo na kinga. Mwaka 2016 wapiga kura walipitisha hoja namba 22 ya maadili na fedha za kampeni. Februari 2017 bunge likaifuta, tena kwa tamko la dharura ili isiwezekane kuipigia pingamizi. Arizona walijifunza mapema: tangu 1998 bunge lao haliruhusiwi kufuta sheria ya wananchi, na kuirekebisha kunataka robo tatu, kwa sharti marekebisho yaendeleze lengo la sheria yenyewe. Kwa kifungu hicho kimoja Arizona inawapita wote.

Wasomaji wa Kenya watakuwa wamekwishaona kufanana. Ibara ya 257 ya Katiba ya 2010 inataka saini milioni moja za wapiga kura waliojiandikisha, namba iliyoganda. Daftari lilikuwa na takriban milioni 12 wakati huo. Mwaka 2022 lilikuwa na milioni 22. Bila mtu kugusa neno, sharti limeshuka kutoka kama asilimia 8 hadi chini ya 5. Lakini kikwazo cha Kenya kiko mbele zaidi, kwenye mabunge ya kaunti: 24 kati ya 47 lazima yakubali, na hoja ya Punguza Mizigo ya 2019, iliyovuka saini milioni, ilifia hapo. Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua Machi 31, 2022 kwamba rais hawezi kuianzisha njia hii, ni ya raia. Marekani hakuna katazo hilo: mwaka 2005 Gavana Arnold Schwarzenegger alipeleka mapendekezo manne kwa wapiga kura wa California kwa njia hii, na yote yakaanguka.

Ukiwa unaandika kifungu kipya

Chukua asilimia na kijitabu kutoka Oregon, kinga kutoka Arizona. Mgao wa kijiografia uuache kabisa; ukilazimishwa na wabunge wa vijijini, andika sehemu ya kanda "zilizopo siku karatasi inapowasilishwa", kamwe usiandike sehemu ya saini, kama moja ya tano, inayotegemea idadi ya kanda. Tamko la dharura lihitaji theluthi mbili ya kila chumba, na kinga ya matumizi ibaki kwa bajeti ya kawaida ya idara, si kwa sheria yoyote iliyobandikiwa dola.

Halafu sentensi ambayo wengi huisahau: kwamba kifungu kinajitosheleza na kinaanza kutumika bila kusubiri sheria ya bunge, na bunge laweza kutunga sheria ya kurahisisha utekelezaji tu. Utah waliipata haki mwaka 1900, bunge likakaa bila kutunga sheria ya utekelezaji mpaka 1917. Idaho waliipata 1912, wakasubiri mpaka 1933. Mtu alipiga kura ya ndiyo akiwa kijana, akaja kuitumia ana wajukuu.

Ugumu wa mwisho ni kuupitisha. Pasipo na hoja ya wananchi, anayeweza kuileta ni bunge, chombo kilekile kitakachopunguziwa madaraka. Minnesota, wanakoishi wasomaji wetu wengi kutoka Kenya, Kongo na Tanzania, bunge limewahi kukubali, na wananchi pia. Mwaka 1914, na tena 1980, ndiyo zilizidi hapana. Zote zikaanguka, kwa sababu tangu 1898 katiba ya Minnesota inataka marekebisho yapate zaidi ya nusu ya wote waliopiga kura siku hiyo, si ya waliojibu swali hilo tu. Aliyemchagua rais, akamchagua seneta, akafika kwenye swali la katiba akaliruka, amehesabiwa hapana. Kwa hiyo kampeni yoyote ya Minnesota ichapishe vipeperushi kwa lugha zinazosomwa mitaani, Kiswahili kikiwemo, na mstari wa kwanza uwe huu: geuza karatasi, swali liko upande wa nyuma, usiache tupu.